Punda Aliyefunikwa Jina

Habari za muungano tulizipata kwenye televisheni ya kantini, kama mtu anavyosikia kwa majirani kwamba baba yake ameoa. Wazee wawili wenye suti walikuwa wanapeana mikono mbele ya kamera huko ng'ambo, mmoja mkubwa wa kampuni yetu, mwingine mkubwa wa kampuni ya Mnara, na nyuma yao nembo mbili zimewekwa bega kwa bega: nanga yetu na mnara wao. Watu waliacha kutafuna.

"Wakubwa wakioana," akasema Kipara, fundi wa kuchomelea, "mahari hutoka kwa watoto."

Tulicheka, kicheko cha kujikaza. Halafu kengele ikalia tukarudi kazini.

Kiwanda chetu ni kidogo. Vipande vya magari vinafika kwenye makontena, vinachomelewa, vinapakwa rangi, vinafungwa, na mwisho wa mkanda wa kuunganishia inatoka pikapu yenye nembo ya nanga mbele na nyuma. Jina lake la kwenye karatasi ni refu na limejaa tarakimu. Sisi tunamwita Punda, kwa sababu anabeba na hanung'uniki. Mume wangu anafunga milango ya Punda. Mimi niko ghorofani, kwenye ofisi ya chapa, chumba chenye meza mbili: moja yangu, ya pili ya meneja wetu tuliyemwita Mzee Tai, maana hata siku ya kufagia kiwanda kizima alikuja na tai. Mimi na mume wangu tulionana kwa mara ya kwanza kwenye ngazi za hapohapo. Mtoto wetu, ambaye siku hizo alikuwa anajifunza kutambaa, alianza kwenda kliniki kwa gari la kiwanda akiwa bado tumboni. Nyumba yetu ilisimama kwenye nguzo moja, na nguzo yenyewe ilikuwa Punda.

Jioni ile mama mkwe wangu alitupokea mlangoni na mtoto begani.

"Nimesikia redioni. Hao waliooana, nani anahamia kwa nani?"

"Mama," mume wangu akasema, "hizo ni kampuni, si watu."

"Ndiyo nauliza. Nyumba zilikuwa mbili, sasa itakuwa moja. Nani anafunga mizigo?"

Mume wangu alimchukua mtoto, akamrusha juu kidogo, akamdaka. Mimi nikaingia jikoni kuwasha jiko, nikajifanya sikusikia.

Miezi ikapita bila mtu yeyote kutuambia kitu. Mikutano ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kuambiwa kwamba mikutano itakuwepo. Kisha siku moja akaja mgeni kutoka makao makuu ya kampuni mpya, mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya bapa na sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Kabla ya chakula cha mchana kiwanda kizima kilikuwa kimeshamwita Bibi Slaidi, kwa sababu hakuweza kusema hata "habari za asubuhi" bila kuwasha slaidi ukutani. Lakini hakuwa mtu mbaya. Aliona picha ya mtoto wangu mezani, akainama kuitazama vizuri, akasema, "Ana macho ya kuuliza huyu." Nikampenda hapohapo. Ndivyo nilivyo, anayempenda mwanangu nampenda.

Ukutani aliwasha picha ya pikapu mbili. Ya kwanza ilikuwa Punda wetu. Ya pili ilikuwa pikapu ya Mnara, ile inayong'aa kama kijiko, ambayo vijana wa kiwandani walishaibatiza Bwana Harusi: inapendeza, lakini usiipeleke kwenye matope.

"Magari haya mawili," Bibi Slaidi akasema, "yanamgombania mteja mmoja. Zamani yalikuwa ya kampuni mbili, sawa. Sasa ni mikono miwili ya mtu mmoja inayonyang'anyana mkate. Kampuni haiwezi kuyalisha yote. Kwa hiyo tuna maswali mawili. Gari lipi libaki? Na jina lipi libaki?"

Mzee Tai aliandika swali la kwanza kwa herufi kubwa, akalipigia mstari. La pili hakuliandika. Wala mimi. Halikunijia kama swali.

Ili kutuelewa inabidi usimame mwisho wa mkanda. Gari linafika pale limekamilika. Limeshawashwa, limeshanyeshewa kwenye chumba cha maji kuangalia kama linavuja, limeshapita mikono ya mkaguzi ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe. Hapo ndipo nembo inapobandikwa. Inatolewa kwenye boksi la plastiki, inasukumwa na kiganja, inaitikia "tak", basi. Kazi ya kupumua mara moja. Kwa macho yetu jina lilikuwa kitu cha mwisho na chepesi kuliko vyote, kitu kinacholifuata gari kama mkia unavyomfuata mnyama. Nani aliwahi kuona mkia ukibaki na mnyama akaenda zake? Gari likishinda, jina limeshinda, na sisi tumeshinda. Hivyo ndivyo tulivyolisikia swali, kuanzia ofisini hadi kwa mfagizi.

"Tutawaita wateja," Bibi Slaidi akaendelea. "Watu wanaonunua pikapu kwa kazi zao. Watayaona magari yote mawili, watakaa ndani, watayapakia mzigo, watatuambia. Mnaweza kuchagua. Tuwaonyeshe magari yakiwa na nembo zake, au tuzifunike."

"Funika," Mzee Tai akasema, mwenzake hata hajamaliza.

"Fikirini kwanza."

"Mama, hakuna cha kufikiri. Wenzetu wana matangazo kila kona, wana wacheza mpira wanaovaa jina lao kifuani. Sisi tuna gari tu. Funika kila kitu. Mfunike uso Bwana Harusi tuone kama bibi harusi atamtambua."

Nilicheka. Nikatikisa kichwa kukubali kwa nguvu zote, maana mwalimu wangu wa darasa la jioni la biashara alikuwa amenifundisha kwamba mteja hutangulia kununua jina ndipo anunue kitu. Nikaona, basi, tukiliondoa jina, Punda atapimwa kwa mizani ya haki.

"Mna hakika?" Bibi Slaidi akauliza, akinitazama mimi, si Mzee Tai.

"Tuna hakika," nikasema.

Aliandika jambo fulani, akazima ukuta.

Siku za maandalizi kiwanda kilikuwa kama nyumba yenye posa. Ukumbi wa nyuma ulifagiliwa hadi nyufa za sakafu zikaonekana. Mkaguzi alichagua Punda mwenyewe, akawakataa watatu wa kwanza bila kueleza sababu. Mume wangu aliombwa na wenzake akaze bawaba za milango upya kwa mkono. Nilimkuta amepiga magoti ubavuni mwa gari, mdomoni ana utepe mweusi wa kufunikia nembo.

"Umemfunga huyu kama majeruhi," nikamwambia.

Akatoa utepe mdomoni. "Mama Mtoto, njoo usikie." Akaufungua mlango wa dereva, akauachia. Ulijirudisha wenyewe, ukafunga kwa sauti ndogo, nzito, kama mtu mzima anayekaa kwenye kiti chake. "Umesikia? Bwana Harusi akifunga mlango utadhani sufuria imeanguka."

"Usukani umeufunika?"

"Usukani, ufunguo, hadi kifuniko cha tangi. Hata mama yake mzazi hamjui."

"Ufunguo nao?"

"Kuna kinanga kidogo hapo, ulikuwa hujui?" Akacheka. Kisha akashusha sauti. "Wewe, unadhani tutapita?"

Nilitaka kumwambia sijui. Nikaona vidole vyake vimechubuka. "Tutapita," nikasema.

"Basi nimelala leo," akasema. Ndipo nikajua kwamba usiku wa nyuma hakuwa analala, alikuwa anajifanya amelala kwa ajili yangu, kama mimi nilivyokuwa najifanya nimelala kwa ajili yake.

Wateja walikuja kwa mafungu. Fundi bomba mwenye tumbo, mama muuza maziwa, kaka wawili wanaouza milango ya chuma, mkulima wa vitunguu aliyevaa koti la harusi kwa heshima ya mwaliko. Kazi yangu ilikuwa kuwakaribisha na kuandika walichosema, bila kusifu wala kukosoa. Bibi Slaidi alikuwa amenionya: hata ukitabasamu umewaharibu. Basi nikafunga uso. Kwenye dirisha la kioo la karakana, nyuma ya mgongo wangu, nilijua mafundi wamejazana kama watoto kwenye uzio wa mpira.

Mama muuza maziwa alianza na Bwana Harusi. Alizunguka, akagusa, akapanda, akashuka. "Zuri," akasema. "La kwendea msibani." Kisha akaenda kwa Punda. Hakukaa ndani. Alikwenda nyuma moja kwa moja, akashusha ubao, akaupiga kofi mara moja, akaukalia kwa uzito wake wote na kuning'iniza miguu.

"Hili," akasema.

"Kwa nini hili, mama?"

"Limenipokea."

Fundi bomba aliingiza mabomba yake, akafunga, akafungua. "Sikiliza, dada. Hilo la kwanza ukiliegesha nje, watu watasema umefanikiwa. Hili watu hawatasema kitu, lakini utafanikiwa."

"Mnalijua ni la nani?" mmoja wa wale kaka wawili akauliza, akijaribu kuchungulia chini ya utepe.

"La nani la nini?" fundi bomba akamkatiza. "Jina linabeba bomba? Mimi wakilibandika jina la Mnara, wakilibandika jina la shangazi yangu, nalinunua. Niandikie hivyo hivyo."

Nikaandika hivyo hivyo. Nyuma yangu, hata kupitia kioo, nikasikia kelele zikilipuka, nikageuka. Mafundi walikuwa wanapigana mabega. Kipara alikuwa amevua kofia anaizungusha. Mume wangu hakupiga kelele. Alikuwa ameweka viganja viwili kwenye kioo, ananitazama, na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Bibi Slaidi naye aliandika. Aliandika taratibu, akapiga nukta. Sikujiuliza kwa nini yeye hakutabasamu.

Wiki zilizofuata tuliishi kwa kushiba. Kantini ilirudisha vicheko vyake. Mtu alichora kwa chaki ukutani punda aliyevaa shela, na anayevutwa kwa kamba nyuma yake ni bwana harusi. Mume wangu alinunua rangi akaanza kupaka kile chumba chetu cha ziada, akisema mtoto akue ana ukuta wake wa kuchafua. Mama mkwe alishikilia mtoto mbali na kopo la rangi, akasema, "Haya, naona mizigo mnafungua, hamfungi." Tukacheka sote.

Matokeo yaliletwa asubuhi. Tulikuwa watatu tu chumbani, na ukuta umewashwa.

Slaidi ya kwanza ilionyesha Punda juu kabisa, Bwana Harusi chini. Karibu kila mteja alimchagua Punda: wanawake, wanaume, wa mjini, wa shambani. Mzee Tai alinishika mkono mezani akaubana. "Mwanangu," akanong'ona, "tumewala."

"Gari lenu ni bora," Bibi Slaidi akasema. "Nataka mlisikie hilo kutoka kwangu, kwa sababu ni kweli. Kwa hiyo swali la kwanza limejibiwa. Gari linalobaki ni la kwenu."

Mzee Tai akafunga macho.

"Na wateja wametujibu la pili pia. Wamelipenda bila jina. Wengine wametuambia waziwazi wangelinunua hata kwa jina la Mnara." Akaligeukia daftari langu la maelezo, akasoma maneno ya fundi bomba neno kwa neno, pamoja na shangazi yake. "Maana yake ni kwamba jina la Nanga haliongezi kitu kwenye gari hili. Jina la Mnara lina nguvu zaidi sokoni, na kulitunza jina moja ni rahisi kuliko kutunza mawili. Kwa hiyo gari litabaki, na litaitwa Mnara."

Nilisikia feni inazunguka.

"Litaitwa Mnara," Mzee Tai akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu. "Sawa. Sawa, mama. Hatuna ugomvi na jina. Tubandike Mnara. Boksi tofauti, kiganja kilekile."

"Magari ya Mnara yanatengenezwa kwenye kiwanda cha Mnara," Bibi Slaidi akasema polepole. "Kile kikubwa. Wana nafasi, wana mashine. Oda mlizo nazo mtazimaliza. Baada ya hapo mkanda wa hapa utasimama."

"Lakini tumeshinda," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto aliyenyang'anywa. "Umesema sasa hivi tumeshinda."

"Gari limeshinda."

"Tuwaite tena. Tuwaite walewale, tufunue nembo, tuone. Yule mama wa maziwa ana Nanga ya pili hiyo, aliniambia wakati anaondoka, alisema hajawahi kutazama kingine. Sikuandika kwa sababu ilikuwa nje ya muda. Nitawaita mimi mwenyewe, hata kesho."

Bibi Slaidi alinitazama kwa yale macho aliyoitazamia picha ya mwanangu. "Laiti mngechagua hivyo siku ile," akasema. "Niliwauliza. Sasa limeshapita mezani kwa wakubwa. Wamesaini." Akakusanya nyaya zake, akasita. "Wewe nimewaomba wakuchukue. Timu ya kubadilisha jina inahitaji mtu anayejua wateja wanavyozungumza. Wamekubali. Utaanza na tangazo la kuwaeleza wenye Nanga kwamba gari ni lilelile. Hilo wanalitaka mapema."

Alipotoka, Mzee Tai alibaki amekaa, mikono juu ya magoti. Wafanyakazi walikuwa wameshakusanywa chini kusomewa taarifa. Tulisikia mvumo wa sauti zao chini ya sakafu. Taarifa ilikuwa mbele yake, karatasi moja, aya mbili. Aliishika, akaisukuma kwangu.

"Mwanangu," akasema, "nisomee huko chini."

"Mimi, Mzee?"

"Niliwaambia wafunike. Nikisimama pale nitalia, na wao hawakuja kunitazama nikilia. Nisomee."

Niliteremka zile ngazi. Kipara akanisogezea kreti la vipuri nisimame juu, akanipa mkono kama malkia. Walikuwepo wote, wana mafuta hadi viwikoni, wamevua glavu. Mume wangu alikuwa mbele, ametia dole gumba kwenye mkanda wa ovaroli. Alinikonyeza.

Aya ya kwanza ilikuwa ya shukrani. Nikaisoma kwa sababu ndiyo ilikuwa ya kwanza, na kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuanzia ya pili. "Utafiti umeonyesha pasipo shaka," nikasoma, "kwamba gari linalotengenezwa na kiwanda hiki limependwa na wateja kuliko lile lingine, na kwamba muundo wake ndio utakaoendelea..."

Sikumaliza sentensi. Kiwanda kilipasuka. Glavu zilirushwa juu. Mtu alianza kupiga bomba la chuma kwa spana, wengine wakaitikia kwa chochote kilichokuwa karibu, milango, ndoo, kreti. Mkaguzi, yule asiyesifu, alimkumbatia kijana wa rangi akampaka uso mzima. Kipara alipiga magoti akabusu sakafu, akainuka na vumbi mdomoni. Na mume wangu alitia vidole viwili kinywani akapiga mluzi, ule mluzi wake mrefu wa kuniita kutoka mwisho wa barabara, akiwa amenyoosha mkono kunionyesha kwa wenzake: huyo, huyo ni wangu.

"Subirini," nikasema.

Hawakunisikia.

"Jamani, subirini. Naomba. Kuna nyingine."

Walinyanyua kreti na mimi juu yake. Niliuona ukumbi mzima kutoka juu, mkanda umesimama, magari yamepangana moja nyuma ya jingine yanangoja, na nikajua kwamba kila sekunde ninayonyamaza nawaacha wapande juu zaidi, na watakapoanguka wataanguka kutoka hapo. Nikapiga kelele. Sikujua nina sauti ile.

"Nishusheni! Tunafungwa! Kiwanda kinafungwa!"

Bomba ndilo lililonyamaza la mwisho. Walinishusha taratibu, kama kitu cha kioo.

Nikasoma aya ya pili. Niliisoma yote, na nilipofika mwisho Kipara akasema, "Rudia." Nikarudia.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akidhani ni mzaha wa ofisini. Akaona hakuna anayemfuata.

"Ngoja nielewe, mimi shule niliachia njiani," Kipara akasema. Midomo yake bado ilikuwa na vumbi. "Gari letu zuri."

"Ndiyo."

"Zuri kuliko la kwao."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wao watalitengeneza, sisi tukalale."

Nikaikunja karatasi.

"Mchezo gani huo," akasema, "ukifunga goli wanakutoa nje?"

"Na wewe, shemeji?" Ilikuwa sauti ya kijana wa rangi. Hakuuliza kwa ubaya. "Na nyinyi wa juu mnakwenda na sisi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tutaongea baadaye, nikamwambia mume wangu kwanza, nyumbani, mlango umefungwa. Lakini walikuwa wamenibeba mabegani sasa hivi.

"Mzee Tai anakwenda na nyinyi," nikasema. "Mimi wamenichukua."

Macho yakatoka kwangu yakamwendea mume wangu. Alikuwa bado ameshika vidole alivyopigia mluzi, kana kwamba hajui pa kuviweka. Nilimwona anaitafuta sura ya kuvaa. Akaipata.

"Sasa mnanitazama nini?" akawaambia. "Kuanzia sasa kuna mtu wa kumwogesha mtoto, na mtu huyo ni mimi. Huko si kupandishwa cheo?"

Walicheka kidogo, kwa ajili yake. Kicheko kilikwenda hatua chache kikakaa chini. Mkaguzi akasema oda bado zipo, na gari lililoko kwenye chumba cha maji lisiachwe humo litaoza. Wakaokota glavu zao. Mume wangu alipopita karibu yangu alinigusa kiwiko, akaenda kwenye milango yake.

Tulirudi jioni. Nyumbani mama mkwe alitutazama mara moja usoni, akachukua kanga yake, akasema ana mgonjwa wa kumjulia hali. Hakuwa na mgonjwa yeyote.

"Nitakataa," nikamwambia mume wangu. Jua lilikuwa halijazama, mwanga umelala sakafuni pale mtoto alipokuwa anapigapiga kifuniko cha sufuria. "Siwezi kwenda kuwapamba. Nitawaambia hapana."

"Hutakataa."

"Unataka niandike mimi kwa mkono wangu kwamba gari ni lilelile? Wakati wewe hupo?"

Alikaa chini kwenye mkeka, akavua viatu, akavipanga vizuri, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuoane.

"Ukikataa," akasema, "ataandika mtu ambaye hajawahi hata kumpanda." Halafu akainama kama anayetafuta kitu chini ya mkeka. Nikamsogelea, akaninyooshea kiganja nisije. "Niache kidogo. Sijachukia. Niache tu nikae hivi." Nikamwacha akae hivyo. Mtoto alitambaa hadi kwake, akajishikilia kwenye ovaroli, akasimama kwa miguu yake miwili inayotetemeka. Mume wangu akamshika kwapani, na kwa muda haikujulikana nani anamshikilia mwenzake.

Kisha akamnyanyua. "Haya, twende tukaoge," akamwambia. "Leo bwana mkubwa mpya ameanza kazi."

Niliketi mezani na karatasi. Kutoka bafuni nilisikia maji yanamiminwa kwenye beseni, na mtoto anapiga maji kofi. Nikaandika, *Ndugu mteja wetu.* Nikafuta *wetu.* Nikakaa. Nikairudisha, kwa sababu yule mama wa maziwa alikuwa wetu, na hakuna mkutano uliomchukua. Nikaandika, *Gari unaloliamini limetengenezwa na*, nikaishia hapo, maana kila neno nililolileta baada ya hapo lilikuwa uongo, au lilikuwa jina la mtu.

Mtoto akaanza kulia, ananiita. Nikainua kichwa, tayari kusimama.

"Shii," nikamsikia mume wangu anamwambia, sauti yake imejaa mafua ambayo asubuhi hakuwa nayo. "Tusimsumbue. Mama yuko kazini."